Taswira Iliyojengwa Nyumbani: Kontena katika Klasta ya Majaribio

Makala haya yananuia kueleza jinsi taswira ya kontena iliyojengwa katika kompyuta ya mtu inavyoweza kutumiwa katika klasta ya majaribio bila kupitia mtandaoni. Taswira hapa si ile tuliyoizoea katika uhakiki wa ushairi. Ni furushi lenye programu pamoja na kila inachohitaji ili iendeshwe. Furushi hilo likiendeshwa huwa kontena. Klasta nayo ni kundi la kompyuta, au kompyuta moja inayoigiza kundi, linaloendesha kontena chini ya mfumo mmoja. Mfumo maarufu ni Kubernetes, uliotangazwa na Google mwaka 2014. Jina lake la Kigiriki lina maana ya nahodha.

Nikiwa likizoni Chebunyo, Kaunti ya Bomet, nilijenga programu ndogo ya kutafuta maneno katika matini za Kiswahili. Taswira ilikuwamo kompyutani, ila klasta ilidai haionekani. Nikashauriwa niipandishe kwenye ghala la mtandaoni kisha niishushe tena. Bando la wiki likaisha kabla kazi haijaanza. Nilifanana na mkulima wa Kericho anayepeleka chai mnadani Mombasa ili airudishe na kuinywa kwake.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, klasta ndogo kama minikube au kind huwa na hifadhi yake, tofauti na ile ya Docker iliyojenga taswira. Pili, taswira isiyopewa lebo huhesabiwa kuwa na lebo ya latest, na kwa kawaida Kubernetes huiulizia mtandaoni kila kontena inapoanzishwa, hata nakala ikiwapo.

Tiba yake ni hii. Ipe taswira lebo mahususi, kwa mfano kamusi:1.0. Kisha ipakie katika klasta: kwa minikube, andika minikube image load kamusi:1.0, kwa kind, kind load docker-image kamusi:1.0. Hatimaye, katika faili ya maelekezo, kipengele cha imagePullPolicy kiwe IfNotPresent, yaani iletwe tu isipokuwapo, au Never, yaani isiletwe kamwe. Ikumbukwe kwamba programu ikibadilishwa, lebo nayo ibadilishwe, la sivyo klasta itaendelea kutumia nakala kongwe.

Ghala la mtandaoni lina nafasi yake pale kazi inaposhirikisha watu wengi. Hata hivyo, kwa majaribio ya mtu mmoja, wahenga walikwisha kutuusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwanafunzi wa Kiswahili aliye kijijini hana haja ya kungoja mtandao wa chuo ndipo aijaribu zana ya lugha yake.