Xbox Linux
Xbox Linux ulikuwa mradi wa programu huria uliowezesha mfumo wa uendeshaji wa Linux kufanya kazi kwenye Xbox, mashine ya kuchezea gemu iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2001. Mradi huo uliongozwa na Mjerumani Michael Steil.

Kwa ndani Xbox ilikuwa karibu sawa na kompyuta ya mezani. Ilikuwa na prosesa ya Intel ya jamii ya Pentium III yenye kasi ya MHz 733, RAM ya MB 64 na diski kuu ya GB 8 au 10. Hata matundu ya pedi zake yalikuwa ya USB, ila yalipewa umbo tofauti. Microsoft iliiuza chini ya gharama ya kuitengeneza, ikitegemea kupata faida kwenye gemu. Kwa hiyo mashine ilifungwa isikubali programu yoyote isiyo na saini ya kidijiti ya Microsoft, na mnunuzi hakuweza kuweka humo programu aliyoiandika mwenyewe.

Kufuli hilo lilianzia kwenye programu ndogo ya baiti 512 tu, iliyofichwa ndani ya chipu mojawapo. Programu hiyo ilibeba ufunguo wa siri wa kufumbua hatua iliyofuata ya kuwasha mashine. Mwaka 2002 Andrew Huang, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha MIT nchini Marekani, alinasa data zilizokuwa zikipita kati ya chipu mbili na kuupata ufunguo huo. Microsoft ilibadilisha mbinu katika toleo lililofuata, lakini nayo ilikuwa na kasoro.

Mwaka huohuo ilitangazwa zawadi ya dola 200,000: nusu kwa kuendesha Linux kwenye Xbox, na nusu kwa kufanya hivyo bila kugusa vifaa vya ndani. Mtoaji alijificha hadi Januari 2003, alipojulikana kuwa Michael Robertson, mkuu wa kampuni ya Lindows.

Njia ya kwanza ilikuwa kufungua mashine na kuunganisha chipu ya nyongeza kwenye bodi. Njia isiyohitaji chipu ilipatikana mwaka 2003 kupitia gemu ya 007: Agent Under Fire. Gemu hiyo haikupima urefu wa data katika faili la mchezo uliohifadhiwa. Faili lililoandaliwa maalumu lilimwaga data kupita nafasi yake kwenye kumbukumbu na kuanzisha programu nyingine.

Suala la sheria lilikuwa zito. Sheria ya Marekani ya DMCA ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kinga za kidijiti, na mchapishaji wa kwanza wa kitabu cha Huang, Hacking the Xbox, alijitoa kwa kuihofia. Chipu nyingi za nyongeza zilitumia programu ya Microsoft iliyonakiliwa, tena wanunuzi wengi walizitaka kwa ajili ya gemu za wizi. Xbox Linux iliandika programu yake ya kuwashia, Cromwell, bila msimbo wa Microsoft. Hata hivyo, waliotaka Linux na waliotaka gemu za bure walikuwa wakilivunja kufuli lilelile.

Watumiaji walipata mifumo kama Xebian, iliyotokana na Debian, na Gentoox, iliyotokana na Gentoo. Kwa kuunganisha kibodi na kipanya, Xbox iliweza kuandika nyaraka, kufungua tovuti au kuwa seva ndogo, ingawa MB 64 za RAM zilizotumiwa pia na michoro zilikwisha haraka.