Mbolea ya Kitale na Samaki wa Ziwa Victoria

Mkulima wa Kitale atiaye mbolea katika shamba lake la mahindi hadhani kuwa ana neno lolote na samaki wa Ziwa Victoria. Lakini vijito vya Cherangani na vya Mlima Elgon hukutana katika Mto Nzoia, nao hupita Webuye na Mumias, ukamwaga maji yake ziwani huko Budalangi.

Mvua ya Aprili ikipiga shamba lililolimwa karibuni, huchukua udongo wa juu, na mbolea pamoja nao. Fosforasi iliyomo katika mbolea hushikamana na chembe za udongo. Basi mto ukigeuka mwekundu, ni fedha ya mkulima inayokwenda zake.

Ziwani fosforasi hiyo hulisha viini vya kijani ambavyo watu huviita mwani, ingawa kwa hakika ni jamii ya bakteria. Baadhi yavyo hujipatia naitrojeni hewani, kwa hiyo vikipata fosforasi havina upungufu tena. Huongezeka hata maji yakafunikwa na utando kama rangi iliyomwagwa. Vifapo huoza, na kuoza huko humaliza oksijeni ya majini. Samaki hukosa pumzi. Mwaka 1984 samaki wengi mno walikufa katika Ghuba ya Nyanza, upande wa Kisumu, na mtaalamu P. B. O. Ochumba aliyechapisha habari hizo mwaka 1990 alitaja upungufu wa oksijeni.

Ni haki kusema kwamba Nzoia haiingii katika ghuba hiyo, bali kaskazini yake. Ghuba hupokea Nyando na Sondu. Maji machafu ya miji nayo yana lawama yake. Lakini mito yote hiyo hulisha ziwa moja.

Tena iko hatari ya pili. Aina iitwayo maikrosistisi yaweza kutoa sumu iharibuyo ini, nayo haiondoki kwa kuchemsha maji. Wengi hudanganyika hapa, kwa kuwa kuchemsha huua viini vya kipindupindu. Wala ng'ombe asinyweshwe penye utando.

Kwa mkulima wa juu kazi si kubwa: mbolea ifukiwe shimoni wakati wa kupanda, isirushwe juu ya ardhi, udongo upimwe kwanza, ili asinunue isiyohitajiwa, na jembe lisifike ukingoni mwa mto. Pale pafaa mabingobingo, ambayo huzuia udongo usiende na maji, na ng'ombe huyala.