BOBI, BLAUZI YA MADOADOA NA PICHA ILIYOMZIBA BIBI YANGU MDOMO

Wiki hii nilikuwa nimepanga kukuletea habari za viatu vya visigino virefu na maumivu ya kiuno. Hizo zitasubiri. Kuna jambo limenikuta nyumbani na nikilinyamazia nitavimba.

Jumamosi iliyopita nilikuwa najiandaa kwenda kwenye send-off ya rafiki yangu. Nimevaa sketi yangu ya kitenge na kiblauzi kilichoishia juu kidogo ya kitovu, kama wanavyovaa kinadada wote mjini siku hizi. Nikapita sebuleni kumwaga bibi yangu mzaa mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Lahaula! Nilisomewa risala. "Mke mwenzangu, hilo tumbo unampelekea nani? Enzi zetu msichana alikuwa na haya. Sisi hatukuyajua hayo." Nikarudi chumbani kubadilisha, machozi yananilengalenga.

Kesho yake nikiwa namtafutia dawa yake ya presha kwenye mkoba, ikadondoka picha ndogo nyeupe na nyeusi, imechanika kona moja. Msichana amesimama mbele ya pazia la studio, mkono mmoja kiunoni, nywele kaziachia. Sketi yake imeishia juu ya magoti. Blauzi ina madoadoa, kola ndefu kama masikio ya sungura, na chini haikufungwa vifungo bali imepigwa fundo, tumbo liko wazi linapigwa upepo.

"Shikamoo bibi. Huyu ni nani?"

Bibi akaitazama picha, akanitazama mimi, akaitazama tena picha. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo? Huyo Bobi."

Basi bwana, hapo ndipo nilipoanza kuchimba.

Kwa wale wa rika langu ambao Bobi wanamsikia tu, hii ni filamu ya Kihindi iliyotoka Septemba 1973. Aliyeitengeneza ni Raj Kapoor, yule yule wa Awaara ya mwaka 1951 ambayo wazee wetu wa pwani mpaka leo wanaimba nyimbo zake bila kujua maana yake. Mzee huyo wakati ule alikuwa na hali mbaya. Mwaka 1970 alitoa filamu ndefu ya karibu saa nne, Mera Naam Joker, akaweka humo fedha zake zote na za kukopa, nayo ikaanguka vibaya. Hana hela ya kumlipa staa yeyote mkubwa. Akaamua kumchukua mwanawe Rishi, kijana wa miaka ishirini na ushee, na binti asiyejulikana, Dimple Kapadia, ambaye filamu ilipotoka alikuwa na miaka 16 tu. Kisa chenyewe ni kile kile cha siku zote: mvulana wa kitajiri wa Kihindu anampenda binti wa mvuvi Mkristo kutoka Goa, wazazi wanakataa, watoto wanatoroka.

Lakini mimi nakwambia, hakuna aliyekwenda kutazama kisa. Watu walikwenda kutazama nguo.

Kabla ya hapo, mwanamke mwema katika filamu za Kihindi kwa kawaida alivaa sari au nguo nyingine ya heshima. Nguo za kizungu zilikuwa za yule dada mbaya anayevuta sigara kwenye baa na kumlaghai mume wa mtu. Bobi akaja kuvuruga hesabu. Anavaa sketi fupi, anavaa blauzi ya madoadoa iliyofungwa fundo, kuna na pahala yumo kwenye bwawa la kuogelea na bikini, na bado ndiye binti mwema, anayempikia babaye na kumheshimu. Kijana naye yumo ndani ya makola mapana na suruali zilizopanuka chini kama kengele, miwani kubwa usoni. Mtu yeyote mwenye miaka 16 akitazama pale anajiona yeye, ila tu amevaa vizuri zaidi.

Huko India moto ukawaka. Kitambaa cha madoadoa kikawa ndicho kitambaa, na blauzi ya fundo ikaitwa kwa jina la filamu. Hata pikipiki ndogo waliyopanda wale wapenzi, Rajdoot GTS, watu wakaacha kuiita jina lake wakaiita Bobby. Filamu ikaongoza kwa mapato mwaka ule, mzee akalipa madeni yake. Urusi ilipofika mwaka 1975 ikauza tiketi zaidi ya milioni 60. Na Februari 1977, wapinzani wa Indira Gandhi walipoitisha mkutano mkubwa Delhi, televisheni ya serikali ikabadilisha ratiba ikaweka Bobby jioni ile, eti watu wabaki majumbani. Watu wakaenda mkutanoni hivyo hivyo. Umbea mwingine mdogo: Rishi alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora kwa filamu hiyo, kisha katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2017 akakiri mwenyewe kwamba aliinunua kwa rupia 30,000. Alifariki Aprili 2020 akiwa ameshaitua roho yake mzigo huo.

Na Bobi mwenyewe? Hapa ndipo kinadada tunapoumia. Wakati wasichana wa mabara matatu wanafunga mafundo kiunoni ili wafanane na Dimple, Dimple tayari alikuwa mke wa mtu. Aliolewa na staa Rajesh Khanna mwezi Machi 1973, hata filamu haijatoka, akaacha kazi, na hakuonekana tena kwenye sinema mpaka 1984. Yaani mtindo ulizunguka dunia wakati mwenye mtindo amekaa ndani.

Sasa turudi Tanga.

Bibi alikuwa na miaka 17. Tanga wakati huo ilikuwa na sinema za Majestic, Regal na Novelty, na bibi mpaka leo anabishana na nafsi yake kama Bobi aliiona Majestic au Regal. Anachokumbuka sawasawa ni kwamba aliiona mara mbili. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili aliingia na penseli na kipande cha daftari, gizani humo, akachora kola.

Ndiyo, msomaji. Wewe leo ukitaka mshono unampelekea fundi picha kwenye simu, na bado anakuharibia. Wao mshono waliubeba kichwani kutoka sinema mpaka kwa fundi. Bibi anasema fundi wao aliitazama ile michoro akauliza kama ni kola au ni tanga la ngalawa. Mwishowe fundi mwenyewe akakata tiketi akaenda kutazama, akarudi anajua kila kitu.

Kilichoufanya mshono ule usambae, kwa maoni yangu, si uzuri wake tu. Ulikuwa rahisi. Kitambaa kidogo, hakuna zipu, chini hakuna hata vifungo, ukinenepa unalegeza fundo. Na madoadoa si mageni kwetu. Wazee husimulia kwamba hata kanga ilipata jina lake kwa ndege kanga, kwa sababu zile za mwanzo mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwa na madoa meupe kama manyoya yake. Kwa hiyo Bobi alikuta pwani wameshazoea madoa, yeye akaongeza tumbo.

Tumbo ndilo lililokuwa kesi. Bibi anaposema enzi zao kulikuwa na haya, anasahau kusema kwamba haya nyingine ililetwa kwa fimbo. Oktoba 1968 Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku. Dar es Salaam wasichana walizomewa na wengine kuchaniwa nguo hadharani. Zanzibar ndiyo usiseme, huko hata suruali ya bugaluu ilimtia kijana mashakani. Uganda Idi Amin akapiga marufuku vimini mwaka 1972. Wakati serikali zinapima magoti ya watu kwa rula, sinema zinawaonyesha Bobi. Mavazi ya kizungu yalikatazwa kwa kuwa ni ya kibeberu, lakini hili je, limetoka Bombay, nalo ni la kibeberu? Vijana walikuwa na jibu lao. Raizoni miguuni, pekosi kiunoni, makola mabegani, wanatembea kwa tahadhari.

Lakini kilichomponza bibi si siasa. Ni kitambaa.

Kile cha madoadoa hakikuwa chake. Kilikuwa cha dada yake mkubwa, ambaye tayari alikuwa ameposwa, na mchumba alimletea sanduku lenye vitambaa kutoka Mombasa. Bibi akafungua sanduku dada yake akiwa kisimani, akakata yadi mbili kwa mkasi wa jikoni. Blauzi ikashonwa, picha ikapigwa, na mwenye studio akaona picha imetoka vizuri, akaibandika dirishani bila kumuuliza mtu. Siku ya tatu kaka yao akapita njia ile.

Baba yao hakuuliza maswali mengi. Aliitia ile blauzi kwenye mafiga, ikaungua mbele ya watu wote. Kisha akauliza kitambaa kimetoka wapi. Bibi anasema ulimi ulimganda mdomoni. Aliyejibu ni dada yake: "Nilimpa mimi, baba. Na mshono nilimwambia mimi." Fimbo zikamhamia yeye, bibi harusi mtarajiwa, wiki tatu kabla ya ndoa. Picha moja tu ndiyo iliyosalimika, kwa kuwa dada mtu aliichomoa kwenye moto, ndiyo maana ina kona iliyochanika.

"Ukamshukuru?" nikauliza.

Bibi akanyamaza. Akakunja upande wa kanga yake, akaukunjua. "Hatukulizungumza. Aliolewa akaenda. Nikiliona hili picha nasema nitamwambia, nikimwona yeye naona haya."

Hamsini na ushee ya miaka, jamani!

Mimi si mtu wa kusubiri. Jumatatu nikaingia Kariakoo, nikazunguka maduka ya vitambaa mpaka miguu ikawaka, nikapata pamba nyeusi yenye madoa meupe, saizi ile ile. Nikachukua yadi tano. Nikampelekea fundi wangu na ile picha. Akaiangalia akasema, "Dada, huu mshono mpya eeh? Umetoka wapi, Korea?" Nilicheka nikakaa kwenye ngazi.

Alhamisi tukapanda basi mimi na bibi mpaka Muheza, kwa bibi mkubwa. Ameshafika umri wa kutembelea fimbo, lakini macho yake makali. Bibi yangu akamkabidhi mfuko bila kusema neno, mikono inamtetemeka. Dada mtu akaitoa blauzi, akaigeuza, akaivuta kola, akaipapasa pale panapofungwa fundo.

"Yadi zangu mbili hizi," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Umechelewa."

Wote wawili wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mimi nikatoka nje kuwapa nafasi. Niliporudi, bibi mkubwa alikuwa ameivaa juu ya dera lake, fundo amelipiga mbele, na bibi yangu, yule yule aliyenirudisha chumbani Jumamosi, alikuwa amepiga magoti anamrekebishia.

"Lishushe kidogo," bibi mkubwa akamwambia. "Tumbo halionekani vizuri."