Je, Wajua? Gobori halipendi baruti nyingi

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuna msimu wa kulungu ulioanza mwaka 1974 ambao ni wa bunduki za gumegume tu. Unashindilia kwa mdeki, unapiga mara moja, basi. Kwa hiyo shindilio huchaguliwa kwa makini.

Gobori la kaliba .50 hulishwa risasi ya duara yenye kipenyo cha inchi .490, uzito wake gramu 11 na ushei. Nafasi inayobaki huzibwa na kipande cha kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, ndicho kinachoshika mifuo ya ndani ya mtutu na kuizungusha risasi. Kitambaa kikiokotwa baada ya mlio kinasema mengi: kikichanika au kuungua, badilisha unene wa kitambaa kisha ujaribu tena.

Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo. Wengi huanza na kipimo cha greni 70 hivi, wakiongeza kidogo kidogo hadi matundu kwenye shabaha yakaribiane. Kuzidisha hapo ni kupoteza baruti na kuumiza bega, maana risasi ya duara hukatwa kasi upesi na hewa: ikifika yadi 100, zaidi ya nusu ya nguvu yake imekwisha. Ndiyo maana wawindaji wazoefu husogea karibu.

Baruti ya kisasa isiyotoa moshi haiingizwi humo kamwe. Mtutu hupasuka.