Jiwe la figo likipondwa, moyo nao uangaliwe

Jua la Kitui na Makueni halina huruma. Mkulima wa Mutomo au Kathonzweni hutokwa jasho kutwa, na maji huyapata kwa kuchimba mchanga wa mto uliokauka au kwa kupiga foleni kisimani. Visima vingi huko ni vya chumvichumvi. Watu huilaumu chumvi hiyo kwa mawe ya figo, lakini kosa kubwa ni uchache wa maji yanayonywewa: mkojo ukiwa mzito, madini yaliyomo huganda yakawa chembe, na chembe ikakua ikawa jiwe. Asiyependa ladha ya maji ya kisima hunywa machache zaidi.

Jiwe linapoteremka kutoka figoni, maumivu yake humgaagaza hata mtu wa miraba minne. Likiwa dogo hutoka lenyewe. Likikwama, na lisizidi sentimita 2 hivi, daktari anaweza kulipondaponda bila kisu, kwa mashine ya mawimbi ya mshtuko. Tiba hiyo ilianza Munich, Ujerumani, Februari 1980, chini ya Dakta Christian Chaussy na wenzake. Mashine yenyewe iliundwa na Dornier, kampuni ya ndege! Leo baadhi ya hospitali kubwa za Nairobi zinayo, na mgonjwa wa Ukambani huenda akafikia kwa wanawe mjini akingoja zamu yake.

Wanawe nao huulizia jiwe tu, moyo wakausahau. Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Katika kila mpigo kuna kitambo ambacho hausisimki hata ukichokozwa, kisha hufuata kingine kifupi ambacho ukishtuliwa waweza kudunda ovyo. Waundaji wa mashine walilijua hilo. Mgonjwa alibandikwa nyaya kifuani, na kila wimbi likafyatuliwa mara tu moyo unapoanza kubana, wakati ulio salama. Moyo ulipiga ngoma, mashine ikacheza. Kwa mwenye mapigo 70 kwa dakika, mawimbi 2,000 yalichukua karibu nusu saa.

Mashine nyingi za siku hizi hupiga kwa mwendo wao, mara 60 hadi 90 kwa dakika, bila kuufuata moyo. Mapigo yakipotoka, mara nyingi hutengemaa mashine ikisimamishwa, au daktari huirudisha kwenye kuufuata moyo. Ndiyo maana wahudumu hawabandui macho kwenye skrini.

Je, mzee wako ana peismeka, kile kifaa cha umeme kinachoongoza mapigo? Anameza dawa za kuzuia damu isigande? Presha yake haishuki? Semeni mapema. Wapo wazee wanaoficha ugonjwa wa moyo wakihofia kurudishwa nyumbani, na hofu hiyo ni ya bure: mwenye peismeka si lazima anyimwe tiba, ila kifaa chake hukaguliwa kwanza. Dawa za damu nazo zisikatizwe kwa shauri la jirani. Kuziacha ghafla kwaweza kuleta kiharusi, na kuendelea nazo kwaweza kuifanya figo ivuje damu. Daktari ndiye apange. Mjamzito hafanyiwi tiba hii kabisa.

Baada ya tiba, mgonjwa anywe lita 2.5 hadi 3 kwa siku, isipokuwa mwenye moyo dhaifu aliyewekewa kipimo cha maji, huyo aulize kwanza. Vipande vikianza kutoka, vikingwe kwa kichungi cha chai na kupelekwa maabara, ijulikane jiwe lilikuwa la aina gani.