KILIMO ENDELEVU: MAANA NA UTENDAJI WAKE KATIKA KASESE NA BWERA

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia istilahi ambayo wanafunzi wetu huikuta mara kwa mara katika matini za kutafsiri, nayo ni "kilimo endelevu". Wengi huiandika bila kosa, lakini wakiulizwa maana yake husita. Tulipokwenda Bwera pamoja nao, mzee mmoja mwenye shamba la kahawa aliwauliza: "Wanangu, hiyo endelevu ni mbolea ya duka gani?" Tulicheka sote, yeye akiwemo. Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki, na makala haya ni jibu letu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. "Endelevu" limetokana na kitenzi "endelea", kama vile "tulia" inavyozaa "tulivu" na "vumilia" ikazaa "vumilivu". Kitu endelevu basi ni kile chenye sifa ya kuendelea. Mwaka 1987 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe ilieleza kwamba maendeleo ya namna hiyo hutimiza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaokuja baadaye. Tukilileta wazo hili shambani, tunapata mambo matatu: udongo, maji na miti vibaki na nguvu ya kumlisha mjukuu, mkulima apate kipato, na watu wa nyumbani wagawane kazi na faida kwa haki. Mambo haya ni kama miguu mitatu ya kigoda. Mmoja ukivunjika, aliyekalia huanguka.

Ni vyema ikumbukwe kwamba kilimo endelevu si jina jingine la kilimo hai. Kilimo hai huepuka mbolea na dawa za viwandani. Lakini shamba linaweza kuwa halijatiwa dawa hata tone moja, na bado udongo wake wote ukachukuliwa na mvua.

Hapo ndipo penye shida ya Kasese. Wakonzo wengi hulima miteremko ya milima ya Rwenzori: kahawa ya arabika, migomba, maharagwe na mihogo. Juu yao ipo hifadhi ya taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoanzishwa mwaka 1991. Chini bondeni ipo hifadhi ya Queen Elizabeth. Watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya mwezi wa Mei mwaka 2013, ukarudia mwaka 2014 na tena mwaka 2020, ukibomoa nyumba na madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Hatusemi kwamba jembe peke yake ndilo lililoleta mafuriko hayo, maana mvua zilikuwa kubwa mno. Lakini mteremko ulio uchi hauwezi kuyazuia maji, na udongo unaoshuka haurudi juu.

Je, mkulima afanye nini? Hapa Kiswahili kina jambo la kujivunia. Wataalamu wa udongo wa nchi nyingi hutumia maneno "fanya juu" bila kuyatafsiri. Njia hiyo ilienea Ukambani nchini Kenya, hasa Machakos, tangu miaka ya 1950. Jina lenyewe ni maelekezo. Mkulima hupima mstari usiopanda wala kushuka, unaokata mteremko kwa upana. Kipimo chake ni miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na jiwe lililoning'inizwa kwa kamba katikati. Kisha huchimba mtaro wenye kina cha sentimita 60 hivi, na udongo huutupa upande wa juu uwe tuta. Juu ya tuta hupandwa nyasi za kulishia mbuzi na ng'ombe, nao hurudisha samadi shambani. Mvua inaposhusha udongo, tuta huukamata, na baada ya miaka kadhaa shamba hujitengeneza ngazi. Udongo ukitupwa upande wa chini, njia huitwa "fanya chini". Kazi yake ni nyepesi zaidi, lakini ngazi haijengeki vizuri.

Pamoja na hayo, migomba huipa kahawa kivuli, na majani yake makavu hutandazwa chini ili kuhifadhi unyevu na kuvunja nguvu ya matone ya mvua.

Lakini kuchimba mtaro ni kazi nzito, na matunda yake huchelewa. Nani atachimba kwa moyo katika ardhi asiyo na sauti juu yake? Mara nyingi mama ndiye anayelima, na baba ndiye anayeuza. Tena, shida ya pesa huwafanya watu wachume kahawa mbichi na kuianika chini, ikapata bei duni. Ndiyo maana chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, huko Kyarumba, kimewafundisha mume na mke kuchora pamoja mpango wa nyumba yao: ardhi, kazi, mapato na matumizi. Huo nao ni utendaji wa kilimo endelevu, ingawa hauonekani shambani kama mtaro.

Kwa wanafunzi wetu, funzo ni hili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Lakini mkulima wa Bwera, anayekisikia kila siku katika soko la Mpondwe mpakani mwa Kongo, atakiheshimu kikimfaa. Mkiandika "kilimo endelevu", msiishie hapo. Mwambieni achimbe wapi na udongo autupe upande gani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kule mlimani, ufa ukiachwa huwa korongo, na korongo halijengeki.