Dungu Lipandalo Mti, na Kamba Imrudishayo Mwindaji Nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa bonde la Rufiji anaijua thamani ya dungu. Mpunga ukikaribia kuiva, yeye na jamaa zake huhamia katika kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na kutoka huko hulilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Aliye juu huona mbali, naye haonekani upesi na mnyama aliye chini. Hekima hiyo hiyo ndiyo aitumiayo mwindaji wa Marekani anapomwotea ayala kwa upinde na mshale. Tofauti ni kwamba dungu lake halina nguzo: hulibeba mgongoni mpaka msituni, akalifunga katika shina la mti, akapanda nalo.

Wanaokwenda dukani kununua dungu la namna hiyo huuliza kwanza bei, kisha uzito. Yote mawili ni maswali ya haki. Lakini lipo swali linalostahili kuyatangulia, nalo si la mwindaji peke yake bali ni la mkewe na watoto wake pia: je, mtu huyu atakuwa amefungwa na nini, tangu mguu wake utakapoiacha ardhi mpaka utakapoirudia?

KWA NINI UPINDE

Ayala anayezungumzwa hapa ni yule wa mkia mweupe, aishiye katika bara la Amerika. Kwa umbo msomaji anaweza kumfikiria kulungu wetu, ingawa ni wa jamii nyingine. Dume la ayala huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine, ambapo pembe za kulungu ni za maisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ayala hao walikuwa wamewindwa mno kwa ajili ya soko la nyama na ngozi, hata wakakadiriwa kuwa hawazidi nusu milioni katika Marekani nzima. Ndipo sheria zilipoingia. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipiga marufuku kuvusha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ikaielekeza kodi ya bunduki na risasi katika kazi ya kuhifadhi wanyama, na mwaka 1972 ikarekebishwa ili pinde na mishale navyo vilipiwe kodi hiyo. Leo ayala wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30.

Wingi huo nao una adha yake. Mbwa-mwitu waliokuwa wakiwapunguza wametoweka katika sehemu kubwa ya nchi. Ayala huingia mashambani, hula miche ya misitu, na kwa makadirio ya makampuni ya bima hugongana na magari zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo kila jimbo hupanga msimu wa kuwinda, hutoa leseni, na huweka idadi ya wanyama anaoruhusiwa mtu mmoja. Karibu na makazi ya watu, ambako risasi ya bunduki huweza kusafiri mbali na kumdhuru asiyehusika, mara nyingi ni upinde tu unaokubaliwa. Jimbo la Wisconsin lilitangulia kutenga msimu wa upinde kwa ayala mwaka 1934. Na upinde wa kapi, ambao Holless Allen wa Missouri alipata hataza yake mwaka 1969, uliirahisisha kazi hiyo kwa watu wengi, kwa kuwa ukishavutwa mpaka mwisho nguvu ya kuushikilia hupungua.

Hata hivyo mshale si risasi. Mwindaji mwangalifu haupigi kwa mnyama aliye mbali zaidi ya mita 20 au 30, na kumkaribia ayala kiasi hicho kwa miguu ni kazi ngumu, kwani pua na masikio yake ni makali kupita kiasi. Hiyo ndiyo sababu ya kumngoja juu ya mti. Tena mshale upigwao kutoka juu huishia ardhini, na hilo ni jema kwa usalama wa watu wengine waliomo msituni.

JINSI LINAVYOPANDA

Dungu hili lina vipande viwili. Cha juu ni kiti, na cha chini ni jukwaa dogo la kusimamia. Kila kipande kina waya mnene au mshipi wa chuma unaozunguka shina la mti, na upande wa mpandaji kina meno. Uzito wa mtu ukikandamiza, meno hung'ata gome na waya hukaza kwa nyuma, na kipande hakitelezi. Uzito ukiondolewa na kipande kikainamishwa kidogo, hulegea na kuweza kusogezwa.

Mpandaji huegemea kipande cha juu, akakivuta cha chini kwa nyayo zake zilizofungwa kwa mikanda. Kisha husimama juu ya kile cha chini, akakiinua cha juu. Hivyo ndivyo apandavyo, nusu mwili kwa nusu mwili, kama kiwavi apandavyo bua la mhindi. Faida yake ni kwamba mti hautobolewi kwa misumari, jambo ambalo limekatazwa katika misitu mingi ya umma, na mwindaji aweza kubadilisha mahali kila siku kufuatana na upepo.

KULICHAGUA

Jambo la kwanza ni uzito linaoweza kuubeba. Madungu mengi hutengenezwa kwa mtu asiyezidi kilo 136, na kilo hizo si za mwili peke yake: nguo za baridi, viatu, mkoba, upinde na maji vyote vimo. Mtu wa kilo 125 aliyevaa kwa baridi ya Novemba huenda ameshaupita mpaka bila kujua.

La pili ni uzito wa dungu lenyewe. Yaliyotengenezwa kwa alumini huwa na kilo 8 hadi 11, na ya chuma huwa mazito zaidi. Kwa anayetembea kilomita mbili gizani, kilo tatu ni tofauti kubwa. Kwa anayewinda hatua chache tu kutoka barabarani, afadhali akae kwa raha.

La tatu ni umbo la mbele. Baadhi ya madungu yana chuma kinachozunguka mbele ya kiti kama ukingo wa baraza. Wenye bunduki hukipenda, maana huegemeza silaha juu yake. Kwa mwenye upinde chuma hicho huwa kikwazo, kwa kuwa ncha ya chini ya upinde huweza kukigonga wakati wa kupiga. Yeye humfaa zaidi dungu lililo wazi mbele. Lakini ajue kwamba ukingo ule haukuwa ulinzi, ulikuwa faraja tu. Mwenye ukingo na asiye nao wote wawili wanahitaji kamba.

Mwisho, atazame kama vipande viwili vimeunganishwa kwa kamba. Bila kamba hiyo jukwaa la chini huweza kuponyoka miguuni na kuanguka, na mwindaji akabaki ananing'inia kwenye kiti, asiweze kushuka.

KUUCHAGUA MTI

Dungu zuri halifai katika mti mbaya. Mti uwe hai, ulionyooka, usio na matawi mpaka pale anapokusudia kukaa, na unene wake uwe kati ya sentimita 20 na 50 au kadiri alivyoelekeza mtengenezaji. Msonobari na mwaloni wenye gome la kukwaruza hushika vizuri. Mti wenye gome laini, hasa likiwa na maji au barafu, huteleza. Na ule ambao gome lake hubanduka vipande vipande hudanganya, maana meno hung'ata gome na gome huliacha shina.

Ikumbukwe pia kwamba shina huwa jembamba kadiri mtu anavyopanda. Jukwaa lililofungwa sawasawa chini litaelemea mbele litakapofika juu. Kwa hiyo huanzwa likiwa limeinuka kidogo kwa mbele, ili lifike juu likiwa sawa.

Wengi huishia mita 5 au 6. Kupanda zaidi hakumwongezei mtu mengi. Mshale hupiga mgongoni kwa pembe kali na huweza kupita katika pafu moja tu, na mnyama wa namna hiyo hukimbia mbali na kufa kwa taabu.

KAMBA KABLA YA KITI

Sasa tuifikie kamba. Mtu aangukaye kutoka mita 6 huifikia ardhi kwa muda wa sekunde moja na kidogo, akiwa na kasi ya karibu kilomita 39 kwa saa. Hana nafasi ya kushika tawi wala ya kupiga kelele. Katika majimbo kadhaa taarifa za ajali za uwindaji zinaonyesha kuwa kuanguka mtini huumiza wengi kuliko hata bunduki, na miongoni mwa wanaopona wapo wasiotembea tena.

Wengi hudhani hatari iko katika kusinzia kitini. Kusinzia kupo, lakini watu wengi huanguka wakiwa wanapanda, wanashuka, au wanabadilisha mkao. Nao ndio wakati ambao mtu hushawishika kuifungua kamba, akisema moyoni kwamba ataifunga akishafika. Mwanzo wa msiba ndio huo.

Kinachotakiwa ni mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani. Mkanda wa kiunoni peke yake uliotumika zamani umeachwa, kwa sababu humbana aliyening'inia tumboni na kifuani hata akashindwa kupumua. Mkanda huo huungwa kwa kamba fupi na mshipi uliozungushwa mtini. Mwenye dungu la kupanda huufunga mshipi huo akiwa bado amesimama ardhini, na kila apandapo hatua moja huusogeza nao juu. Akiketi, kiungo kiwe juu ya kichwa chake na kamba isilegee, ili akiteleza asianguke mbali. Wengine hutumia kamba ndefu iliyofungwa juu na chini ya mti, yenye fundo la Prusik, lililoitwa kwa jina la mpanda milima wa Austria. Fundo hilo husogea kwa mkono na kukaza likivutwa ghafla.

Aliyeokolewa na mkanda hajamaliza safari. Akining'inia bila kujisaidia, damu hujikusanya miguuni, na kwa muda si mrefu huweza kuzimia. Kwa hiyo awe na kitanzi cha kukanyagia, ajiinue na kurudi jukwaani. Simu na filimbi viwe katika mfuko wa nguo aliyoivaa, si katika mkoba uliotundikwa tawini. Mkanda uliowahi kumzuia mtu anayeanguka hautumiwi tena, na watengenezaji wengi huuwekea muda wa kutumika, mara nyingi miaka 5. Dungu nalo likaguliwe kila msimu: waya, skurubu na mishipi, kwani jua huidhoofisha nailoni na kindi huitafuna.

UPINDE HUFUATA BAADAYE

Upinde haupandi pamoja na mtu. Huachwa chini ukiwa umefungwa kamba nyembamba, mishale ikiwa ndani ya podo lenye kifuniko, na huvutwa juu baada ya mwindaji kuketi na kujifunga. Chembe za mishale ya kuwindia ni kali kama wembe. Aziangukiaye huweza kukatika mshipa wa damu na kufa palepale.

Upepo uvume kutoka aliko mnyama kwenda kwa mwindaji. Ayala akitokea, mwindaji huinama kwa kiuno, mkono na bega vikibaki kama alivyojifunza uwanjani, na hungoja mnyama asimame ubavu. Akipiga, hakimbilii kushuka. Hungoja nusu saa au zaidi, maana aliyejeruhiwa akifukuzwa hupotea msituni. Na haraka hiyo hiyo ndiyo imsahaulishayo mtu kamba wakati wa kushuka.

NENO KWA JAMAA

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Methali hiyo tumezoea kuwapigia wenye kiburi, lakini jamaa wa mwindaji wanaweza kuichukua kama ilivyo. Kabla hajaondoka, na aandike katika karatasi ni msitu gani, mti upande gani, na saa ngapi atakuwa amerudi. Saa hiyo ikipita, anayengoja ajue pa kuanzia.

Na neno hili halikomei katika misitu ya Marekani. Fundi anayepaka rangi ghorofa ya tano, mfanyakazi wa umeme aliye juu ya nguzo, na mkwezi aliyetia kitanzi cha kamba miguuni, wote huifahamu ile sauti isemayo kwamba kazi ni ya dakika mbili tu na kamba itachelewesha. Kufunga kamba huchukua muda mfupi kuliko kuiandaa chai. Anayeitaka familia yake imwone jioni na aifunge akiwa bado chini, wala asiifungue mpaka nyayo zote mbili zimekanyaga ardhi.